Gitaa la Kwanza: Uzuri wa Mkakasi

Katika baadhi ya nyumba huonekana gitaa limetundikwa ukutani, lina vumbi, na pengine uzi mmoja umekatika. Mgeni akiuliza ni la nani, huambiwa kwamba kijana wa nyumba hiyo alilinunua, akajaribu kulipiga kwa muda wa mwezi mmoja, kisha akaona ya kuwa hakuzaliwa na kipawa cha muziki. Maneno hayo husemwa kwa upole, lakini ni hukumu nzito, maana mara nyingi yule aliyehukumiwa hana hatia. Mwenye hatia ni lile gitaa, nalo halikushitakiwa.

Uchukuliwe mfano wa kijana mmoja wa upande wa Kakamega, ambaye kisa chake hakitofautiani sana na visa vya wengine. Kijana huyo aliweka akiba kwa mwaka mzima kwa kuuza mayai na mboga, hata akapata shilingi 9,000. Baba yake, mkulima wa miwa na mahindi, alimwongezea shilingi 3,000, akamwambia, "Mwanangu, fedha hizi zilikuwa za mbolea. Zikipotea, shamba litajua."

Kijana akaenda mjini. Katika duka moja liuzalo redio na simu aliona gitaa jeusi linalong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, lenye picha ya ndege wa dhahabu kifuani. Hakulishika, wala hakulisikiliza. Alilitazama tu, akalipa. Kwa majuma manne alijitahidi kila jioni. Vidole vilivimba, na sauti alizozipata hazikupatana hata alipofuata mafundisho neno kwa neno. Siku aliyolipeleka kwenye mazoezi ya kwaya, wenzake walicheka. Akalitundika ukutani. Msimu wa kupanda ulipofika, baba alinunua mfuko mmoja pungufu wa mbolea, wala hakusema neno. Kimya kile kilimchoma kijana kuliko lawama.

Siku moja akaja mzee mmoja wa Kisa, mtu aliyejifunza gitaa katika ujana wake, akaliona lile gitaa ukutani.

"Mbona chombo hiki kimelala?" aliuliza.

"Mzee, mimi sina kipawa," kijana alijibu.

"Nani amekuambia hivyo, kijana wangu?"

"Vidole vyangu, mzee. Vimekataa."

Mzee alilishusha, akaufunga jicho moja na kutazama shingo yake kwa urefu kama seremala atazamavyo ubao. Kisha akaomba kadi ya benki, akaomba na nyingine, akazipanga chini ya uzi mnene katikati ya nyuzi. Ziliingia kadi sita.

"Vidole vyako vilisema kweli," akasema, "ila wewe hukuvielewa. Havikukataa muziki, vilikataa gitaa hili."

Neno hilo lafaa kukumbukwa na kila mtu anayetaka kununua gitaa lake la kwanza. Anayeanza hana njia ya kutofautisha kosa lake na kosa la chombo. Fundi hodari akipewa gitaa baya atajua mara moja kwamba ni baya; mwanafunzi akipewa gitaa lile lile atadhani kwamba yeye ndiye mbaya. Kwa sababu hiyo, ni mwanafunzi, kuliko fundi, apaswaye kuwa mwangalifu zaidi. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Gitaa la kwanza na lichaguliwe kwa kidole na kwa sikio, na jicho lipewe zamu ya mwisho.

AINA MBILI ZISICHANGANYWE

Gitaa lisilotumia umeme, ambalo wapigaji wengi wa Kenya huliita gitaa kavu, lina aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni ile ya nyuzi za nailoni. Umbo lake lilikamilishwa Hispania katika karne ya 19, hasa kwa mikono ya fundi Antonio de Torres, aliyeishi tangu 1817 hata 1892. Hapo zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni ilianza kutumiwa katika miaka ya 1940. Shingo yake ni pana, kama milimita 52 pale inapokutana na kichwa, na sauti yake ni laini.

Aina ya pili ni ile ya nyuzi za chuma. Shingo yake ni nyembamba zaidi, kama milimita 43 au 44, na sauti yake ni kali na yenye kuvuma. Hii ndiyo sauti inayopendwa sana katika nyimbo za magharibi ya Kenya na za Katanga.

Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole, tena hazivuti kwa nguvu nyingi. Zote sita pamoja huvuta kwa uzito wa karibu kilo 40. Nyuzi za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa uzito unaozidi kilo 70, yaani si mbali sana na uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Mzigo huo unalivuta daraja la gitaa mchana na usiku, hata wakati gitaa limelala. Ndiyo maana ni kosa kubwa kutia nyuzi za chuma katika gitaa lililojengwa kwa nailoni. Wako watu wafanyao hivyo kwa kutamani sauti kali. Baada ya muda kifua cha gitaa huvimba, daraja hung'oka, au shingo hujikunja, na hasara hiyo haina dawa ya bei nafuu.

Lipi basi limfae mwanafunzi? Wengine hushauri kwamba kila mtu aanze na nailoni kwa sababu haiumizi. Shauri hilo lina kweli ndani yake, hasa kwa watoto na kwa wenye vidole vyepesi kuuma. Lakini mtu hujifunza kwa bidii kile anachokipenda. Kijana ambaye moyo wake umetekwa na mlio wa chuma, akipewa nailoni, huenda akachoka kwa kutousikia mlio alioutamani. Na aliye na mikono midogo asisahau kwamba shingo pana ya nailoni yaweza kumsumbua kuliko ukali wa chuma. Kwa hiyo mtu na ajiulize kwanza, "Ni nyimbo gani nitakazo kuzipiga?" Jibu la swali hilo litamwonyesha aina ya gitaa.

WALIOTANGULIA HAWAKUWA NA VYOMBO VYA THAMANI

Haifai mtu akate tamaa kwa kuwa hana fedha za kununua gitaa la bei kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, baadhi ya askari walirudi Afrika ya Mashariki na magitaa, na chombo hicho kikaenea mijini na vijijini. Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujulikana nchini kwa gitaa. Huko Katanga, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, naye kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu alizitoa sauti zilizowafanya wasikilizaji wadhani kwamba watu wawili wanapiga pamoja. Upande wa magharibi ya Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliueneza mtindo uitwao omutibo, ambao gitaa moja kavu huongozana na chupa ya soda inayogongwa. Muziki huo ungali unasikilizwa hata leo, na msingi wake wote ni gitaa moja na chupa.

Hata ng'ambo mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1957 John Lennon wa Liverpool, aliyekuwa bado kijana wa shule, alikuwa akipiga gitaa la bei nafuu liitwalo Gallotone Champion, lililotengenezwa Afrika ya Kusini, na ndani yake ilibandikwa karatasi iliyoahidi kwamba halitapasuka. Baadaye aliimba pamoja na wenzake wa The Beatles, na dunia nzima ikawasikia.

Katika habari hizi isidhaniwe kwamba gitaa lolote linafaa. Funzo lake ni kwamba bei na utiifu wa gitaa ni mambo mawili mbalimbali. Liko gitaa la bei ndogo linalotii, na liko la bei ya kati lililopambwa ambalo halitii hata kidogo. Mapambo hugharimu fedha, na fedha zilizotumiwa kwa picha ya ndege hazikutumiwa kwa shingo.

UKAGUZI DUKANI

Mnunuzi asione haya kuchukua nusu saa dukani. Anayenunua ng'ombe humfungua kinywa akamhesabu meno, wala muuzaji hakasiriki. Kama yuko rafiki anayejua kupiga, na aende naye. Kama hayuko, ukaguzi ufuatao waweza kufanywa hata na mtu ambaye hajawahi kushika gitaa.

Kwanza, shingo. Gitaa lishikwe kama bunduki inavyoshikwa na mwenye kulenga shabaha, kichwa cha gitaa kikiwa karibu na jicho, na shingo itazamwe kwa urefu. Ikiwa imejipinda upande kama ubao uliolowa mvua kisha ukakaushwa juani, gitaa hilo lirudishwe mara moja. Kisha uzi mnene ubonyezwe mahali pawili kwa wakati mmoja, yaani kwenye kile chuma cha kwanza kilicholala juu ya shingo, na kwenye chuma kilichopo pale shingo inapoungana na tumbo. Uzi huo sasa umekuwa rula. Katikati yake, karibu na chuma cha saba, yafaa ionekane nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imevutwa mbele. Isipokuwapo kabisa, huenda imepinda kwa nyuma. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, ambayo fundi aweza kuikaza au kuilegeza ili kusahihisha kasoro hiyo. Lakini shingo iliyojisokota kama kamba fimbo hiyo haiwezi kuiponya.

Pili, kimo cha nyuzi. Hili ndilo lililomtesa kijana wa Kakamega. Vyuma vya shingoni vihesabiwe kuanzia kichwani hata chuma cha 12, ambacho kipo katikati kabisa ya urefu wa uzi. Hapo ipimwe nafasi iliyoko kati ya chuma na upande wa chini wa uzi mnene. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zatosha. Kwa nailoni, 3 hadi 4. Asiye na rula atumie kadi za benki, ambazo unene wa kila moja ni karibu robo tatu ya milimita, akichagua pembe isiyo na tarakimu zilizoinuka. Kadi tatu au nne kwa chuma, nne au tano kwa nailoni, si vibaya. Kadi sita kwa nyuzi za chuma, kama alivyoonyesha yule mzee, ni mateso kwa mwanafunzi.

Kipimo kingine ni upande wa kichwa, mahali nyuzi zinapopita juu ya kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji. Uzi ubonyezwe kati ya chuma cha pili na cha tatu, kisha itazamwe nafasi iliyobaki juu ya chuma cha kwanza. Na iwe kama unene wa karatasi tu. Ikiwa kubwa, mafungu ya sauti anayoanza nayo mwanafunzi yatakuwa magumu kuliko yote, maana mengi yake hupigwa karibu na kichwa.

Tatu, kila chuma na kila uzi. Kazi hii huchukua dakika chache. Kila uzi upigwe kwenye kila chuma, mmoja mmoja, toka juu hata chini. Sauti ikikwaruza kama nyuki aliyefungiwa koponi, au ikifa upesi mahali pamoja tu, chuma kimoja kimeinuka au kingine kimelika. Tena kiganja kipitishwe polepole kando ya shingo. Ncha za vyuma zisikwaruze ngozi.

Nne, ukweli wa sauti. Hapa ndipo simu inapofaa. Ziko programu za simu zisizolipiwa ambazo husikiliza uzi na kuonyesha jina la sauti yake. Nyuzi sita, kuanzia ule mnene, hulinganishwa kwa E, A, D, G, B na E. Baada ya kulinganisha, uzi upigwe wazi, kisha ubonyezwe kwenye chuma cha 12 na upigwe tena. Kwa kuwa uzi umekatwa nusu, sauti inapaswa kuwa na jina lile lile, ila juu zaidi. Kama simu inaonyesha kwamba sauti ya pili imepanda au imeshuka waziwazi, gitaa hilo haliwezi kupatana na jingine, wala na kinanda, wala na waimbaji. Pengine ndilo lililowachekesha wanakwaya. Lakini kabla ya kulihukumu, nyuzi zitazamwe kama si kuukuu, kwa maana nyuzi zenye kutu husema uongo hata juu ya gitaa jema.

Tano, vigingi na daraja. Vigingi vya kichwani vizungushwe. Viwe vinazunguka sawasawa, visilegee wala visirukeruke. Kisha kipande cha karatasi nyembamba kisukumwe nyuma ya daraja, pale lilipogandishwa kifuani. Karatasi ikiingia chini yake, gundi imeanza kuachia. Mwisho gitaa litikiswe kidogo na kugongwa kwa kifundo cha kidole huku na huku. Mlio wa kitu kinachochezacheza ndani ni dalili ya kwamba mojawapo ya vijiti vinavyoshikilia kifua limebanduka.

Makosa haya hayalingani kwa uzito. Nyuzi zilizo juu ni kosa linalotibika kwa gharama ndogo. Nyuzi kuukuu si kosa la gitaa. Lakini shingo iliyojisokota, daraja linalong'oka, na sauti isiyo ya kweli kutokana na vyuma vilivyopangwa mahali pasipo pake, hayo yamfanye mnunuzi aage kwa adabu na kwenda duka jingine. Na anayenunua kwa njia ya simu bila kukiona kitu, na ahakikishe kwanza kwamba muuzaji atakubali kulipokea gitaa likiwa na kasoro. Ahadi hiyo ipatikane kabla ya fedha kutumwa, maana baada ya hapo maneno huwa marahisi kwa muuzaji na magumu kwa mnunuzi.

MBAO, UKUBWA NA HALI YA HEWA

Muuzaji hupenda kusema juu ya mbao. Ni kweli kwamba kifua kilichofanywa kwa ubao mmoja mzima, hasa wa miti kama msprusi au mwerezi, huvuma vizuri zaidi, na kwa miaka mingi sauti yake huendelea kukomaa. Lakini ubao mzima ni mwepesi kupasuka hewa ikikauka. Gitaa la plaiwudi, ingawa sauti yake ni fupi kidogo, huvumilia zaidi joto, vumbi, na safari za matatu. Kwa anayeanza, ambaye hana sanduku gumu la kulitunzia, plaiwudi si aibu. Plaiwudi yenye shingo nyofu ni bora kuliko ubao wa thamani wenye shingo mbaya.

Ukubwa nao usisahauliwe. Mwenye mwili mdogo asilazimishwe kukumbatia gitaa kubwa kama ngoma, hata mkono wake wa kulia ukaning'inia na bega likauma. Na akae kitini, aliweke gitaa pajani, aone kama mkono wake wa kulia unafikia nyuzi bila kujinyosha, na kama vidole vya kushoto vinafikia nyuzi zote bila kiwiko kuinuliwa. Kwa watoto yako magitaa ya robo tatu. Na yule atumiaye mkono wa kushoto yafaa aulizie gitaa lililojengwa kwa ajili yake, ingawa huwa machache madukani, na wengine wa mkono huo hujifunza vizuri kwa gitaa la kawaida.

Baada ya kununuliwa, gitaa hutaka kukaa mahali ambapo mtu mwenyewe angependa kukaa. Lisiwekwe jikoni karibu na moto, wala juu ya kabati chini ya mabati yanayowaka mchana, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi hulegea kwa joto, na mbao hupungua kwa ukavu. Gitaa lililozoea unyevu wa Mombasa likipelekwa bara wakati wa kiangazi, kimo cha nyuzi zake chaweza kubadilika bila mtu kuligusa. Mfuko mzuri wa kitambaa na pembe yenye kivuli ndani ya chumba cha kulala vinatosha.

FEDHA ZISIISHIE DUKANI

Kosa jingine la kijana yule lilikuwa kutoa shilingi zote 12,000 kwa gitaa peke yake. Mwenye busara hugawa. Sehemu kubwa iwe ya gitaa. Sehemu ndogo ibakizwe kwa ajili ya nyuzi za akiba, mfuko, na ujira wa fundi wa kulirekebisha. Gitaa la bei nafuu lililopitia mkononi mwa fundi mara nyingi hulishinda la bei ya juu ambalo halikurekebishwa, kwa sababu magitaa mengi ya bei ya chini hutoka kiwandani nyuzi zake zikiwa juu.

Kisha yako mambo ambayo hayanunuliwi. Hata kwa gitaa jema, ncha za vidole huuma katika majuma ya kwanza, mpaka ngozi ikakauka na kuwa ngumu. Maumivu hayo ya ngozi ni ya kawaida. Lakini mkono mzima ukichoka kwa kubonyeza, na kifundo cha mkono kikiuma, huo si uvivu wala unyonge. Ni wakati wa kutazama tena kimo cha nyuzi na namna ya kukaa. Robo saa kila siku humfaa mwanafunzi kuliko saa tatu za Jumapili pekee, kwa kuwa vidole hukumbuka kile kinachorudiwa.

HUKUMU ILIYOTENGULIWA

Yule mzee wa Kisa hakumwacha kijana na maneno matupu. Walikwenda pamoja kwa fundi mmoja seremala aliyezoea kazi ya vinanda na magitaa. Fundi aliuchomoa mfupa wa daraja, ule unaozibeba nyuzi, akausugua kwa msasa upande wa chini. Alieleza kwamba ili uzi ushuke milimita 1 kwenye chuma cha 12, mfupa hupunguzwa milimita 2, kwa sababu chuma hicho kipo nusu ya njia. Akaikaza kidogo fimbo ya shingoni, akatia nyuzi mpya zilizo nyembamba kuliko zile za kwanza. Kadi sita zikawa nne. Gharama yake haikufika bei ya mfuko wa mbolea.

Gitaa halikugeuka kuwa chombo cha fahari. Sauti yake ilibaki fupi, na picha ya ndege wa dhahabu haikuongeza kitu. Lakini lilianza kutii. Kwa mara ya kwanza kijana alibonyeza nyuzi tatu kwa pamoja, na zote tatu zikalia safi. Alirudia mara nyingi jioni ile, kama mtu anayejaribu ufunguo katika mlango uliomkatalia kwa muda mrefu. Baada ya miezi mitano aliifuatisha kwaya katika sikukuu ya mavuno, nyimbo mbili tu, bila kukosea mahali pengi.

Baba yake alikuwa ameketi nyuma, kofia magotini. Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, mzee huyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, msimu ujao tutanunua mifuko yote ya mbolea."

"Ndiyo, baba," kijana akajibu. "Fedha za mayai zitasaidia."

"Na hilo gitaa," baba akaongeza, "usilitundike tena."